Mama Manyoya Anajibu: Kazi ya Kuwafuata Ndege

Toleo lililopita mhariri aliandika ukurasa mmoja kuhusu kazi yangu ya kuchunguza ndege wa msituni huko Amani, Usambara Mashariki, akaweka na picha yangu nimeshika mfuko wa kitambaa. Wengi mmeuliza mfuko ule una nini. Una ndege. Hilo limekwisha.

Barua na ujumbe wa simu uliobaki nimekabidhiwa niujibu mwenyewe. Nimeondoa majina, nimebakiza mji. Walioniuliza dawa ya kumfanya kasuku aongee watanisamehe, hilo si fungu langu. Kwa ambao hawakuliona toleo lile: mimi ni mzaliwa wa Muheza, mtafiti wa uhifadhi wa ndege, na watoto wa vijiji vya Amani wameniita Mama Manyoya kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi yao sasa wana watoto wanaoniita hivyohivyo.

Shikamoo mama. Niko kidato cha sita, nasoma CBG (kemia, biolojia na jiografia). Napenda ndege tangu mdogo lakini baba anataka nisomee uuguzi. Nikisema nataka kuwa mtafiti wa ndege nyumbani wanacheka. Hii kazi ipo kweli au ni ya Wazungu tu? Na kutwa nzima huwa mnafanya nini? (Mwanafunzi, Korogwe)

Marahaba mwanangu. Ipo. Na baba usimnunie, anauliza swali la mtu anayelipa ada.

Nikueleze siku moja ya nyavu, uone kama unaitaka. Tunaamka saa kumi alfajiri. Nyavu zimeshafungwa kwenye nguzo jana yake, kila mmoja una urefu wa mita 12 hivi, nyuzi nyembamba mno hata wewe mwenyewe unaweza kujigonga nao. Tunazifungua kabla hakujapambazuka, maana ndege wa chini ya msitu huanza kuhangaika mwanga ukiwa bado wa kijivu. Baada ya hapo ni kuzunguka. Hatuachi wavu hata nusu saa bila kuuangalia, kwa sababu ndege akining'inia muda mrefu anachoka, anapigwa na baridi, au siafu wanamfikia. Siafu wakipita kwenye mstari wa nyavu hakuna mjadala, unafunga. Mvua ikianza, unafunga. Unaweza kutembea saa mbili gizani, ukafungua nyavu, ukafunga baada ya dakika kumi, ukarudi kambini kunywa chai.

Ndege akinasa unamtoa kwa vidole, ukianzia miguuni, unamtia mfukoni. Mezani tunamvisha pete ya alumini yenye namba, tunapima bawa kwa rula na mguu kwa kalipa, kifaa cha kupimia vitu vidogo, tunampima uzito, tunaangalia manyoya gani yanabadilika. Tunampuliza tumboni: jike anayeatamia huwa na kipara pale, ngozi nyekundu yenye joto. Yote yanaandikwa, kisha anaachiwa. Kwa mtu mwenye mkono mzoefu ni dakika chache tu. Ikifika saa nne jua limepanda, ndege wametulia. Mchana ni kuingiza takwimu kwenye kompyuta, kushona nyavu zilizotobolewa, na kutafuta mahali pa kuchajia simu.

Kuamka alfajiri utazoea. Kinachowashinda vijana wengi ni kurudi palepale, mstari uleule, msimu uleule, mwaka hadi mwaka, na mara nyingi kukutana na ndege walewale wasio na sifa yoyote. Lakini hapo ndipo kazi yote ilipo. Kati ya 1979 na 1981 kijana mmoja Mwingereza, Simon Stuart, alichunguza ndege wa milima ya Usambara na kuandika kila aina aliipata kwenye mwinuko gani. Miaka 40 hivi baadaye mistari ya aina hiyo ilirudiwa, na utafiti uliochapishwa 2021 ukaonyesha kwamba ndege wengi wa mlimani wamesogea juu kadiri joto linavyoongezeka, huku eneo lao la kuishi likipungua, maana mlima hauna mwisho mwingine zaidi ya kilele. Miongoni mwa walioandika utafiti huo ni Stuart mwenyewe, na William Newmark, Mmarekani ambaye amekuwa akinasa ndege wa Usambara tangu 1987. Bila yale madaftari ya zamani tungekuwa tunabishana tu, huyu anasema ndege wamehama, yule anasema hapana.

Unaona pia kwamba majina hayo ni ya kigeni. Orodha ya waandishi wa utafiti ule wa 2021 ina Mtanzania ndani yake, na Norbert Cordeiro, Mtanzania mwingine, alichapisha na Henry Howe mwaka 2003 utafiti ambao nawapa wanafunzi wangu wausome kabla hawajagusa wavu. Walifuatilia mti mmoja wa Usambara, Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake husambazwa na ndege. Kwenye vipande vidogo vya msitu vilivyozungukwa na mashamba, ndege wale wamepungua, kwa hiyo mbegu nyingi zaidi zinaishia chini ya mti mama, na miche inakuwa michache. Ukilipoteza kundi la ndege wadogo wa kijivu ambao hakuna mtalii anayewapiga picha, unaanza kuupoteza na mti. Kwa hiyo, si kazi ya Wazungu. Ni kazi ambayo wao walipata fedha za kuianza.

CBG inatosha kukuingiza. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wana shahada ya usimamizi wa wanyamapori. Dar es Salaam kuna zoolojia na uhifadhi. Chuo cha wanyamapori cha Mweka, pale chini ya Kilimanjaro, wanafundisha tangu 1963 na wahitimu wao wanajua kuishi porini. Shahada ya pili ukitaka ndege hasa, kuna Taasisi ya A.P. Leventis huko Jos, Nigeria, iliyoanzishwa 2001, na Taasisi ya FitzPatrick ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Zote mbili zinafundisha biolojia ya uhifadhi na zinapokea Waafrika. Ila usikimbie hesabu. Nusu ya kazi hii ni takwimu, na programu inayoitwa R itakutoa machozi mara nyingi kuliko siafu.

Baba mwambie hivi: utaomba vyuo viwili, kimoja cha uuguzi na kimoja cha wanyamapori, na majibu yakitoka mtakaa tena. Baba wengi hulainika wakiona mtoto ana mpango.

Mama, mimi nimeishia darasa la saba. Nimezaliwa pembeni ya msitu na ndege nawajua kwa milio kuliko wanafunzi wa chuo wanaokuja na mashine. Huwa nawabebea mizigo na kuwaonyesha njia. Je, mtu kama mimi anaweza kuwa mtafiti? (Kijana, tarafa ya Amani)

Mwanangu, nakujua wewe ni wa aina gani, hata kama sijui wewe ni nani. Nimefanya kazi na watu kama wewe maisha yangu yote.

Ngoja nikupe historia ya hapohapo ulipo. Mwaka 1928 alifika Amani Mwingereza aitwaye Reginald Moreau kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Ujuzi wake ulikuwa wa mahesabu ya ofisi, si biolojia. Alipenda ndege tu. Aliandika sana, na leo dunia nzima ya wataalamu inamjua. Yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu anayejificha kwenye vichaka vya mimea itambaayo hapo Amani, kwa kisayansi anaitwa Artisornis moreaui. Mwingine wa milima ya Uluguru ana jina la mkewe, Winifred. Lakini aliyekuwa akiingia msituni, akiwatambua ndege na kuwaleta, alikuwa Salimu Asmani. Moreau mwenyewe alimtegemea na aliandika hivyo. Jina la Salimu halisikiki sana, hata pale Amani penyewe, na mimi hilo linanikera.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwa masharti, na masharti yenyewe ni ya kukulinda wewe. Nunua daftari. Kila siku unayoingia msituni andika tarehe, saa, mahali, ndege gani na wangapi, hata kama ni walewale wa jana. Jifunze majina ya kisayansi, maana ndiyo lugha ambayo mgeni wa Japani na wa Kenya wataelewana nawe. Huyo mwenye mdomo mrefu haonekani kwa urahisi, anasikika, kwa hiyo masikio yako yana thamani ya fedha. Kabla ya kupanda mlima na mtafiti, mkubaliane malipo ya siku kwenye karatasi, siyo kwa mdomo. Na kama umemfundisha ndege wake wote, muulize mapema, kwa adabu lakini bila aibu, jina lako litaandikwa wapi kwenye ripoti. Wengine watashtuka. Wazuri watakuongeza kwenye orodha ya waandishi.

Kazi ya nyavu nayo inafundishika bila cheti. Vidole vyepesi havitolewi chuoni. Nimeona mwenye shahada ya pili akihangaika na ndege mmoja robo saa, na mpishi wa kambi akaja akamtoa.

Ninyi mnalinda ndege, sisi wanatumaliza. Huku watoto wanakosa masomo kwa kuamia kwelea kwelea kwenye mpunga kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama. Serikali inaleta eropleni ya dawa, wataalamu wa mazingira mnalalamika. Mko upande gani? (Mkulima, Mbarali)

Kaka, pole. Na swali lako ni la haki, sitalizunguka.

Kwelea kwelea hahitaji kulindwa na mtu. Inawezekana kabisa kwamba ndiye ndege wa porini aliye mwingi kuliko wote duniani. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi au pungufu, na anaweza kula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Piga hesabu: kundi la milioni moja ni tani 10, kila siku, na makundi ya milioni siyo hadithi. Sijawahi kumwambia mkulima awavumilie.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Chakula chake hasa ni mbegu za nyasi za porini. Anakuja kwenye mpunga wako mbegu za porini zikiwa zimekwisha, au mvua imezichipusha. Ndiyo maana mashamba yanayokomaa nje ya wakati wa wenzako ndiyo yanayomalizwa kwanza. Mkipanda kwa pamoja hasara inagawanyika. Dawa inayonyunyiziwa kwenye malalo yao jioni, fenthion, haichagui. Bundi, vipanga na mwewe wanaokuja kula kwelea waliolegea nao hufa, na hao ndio wanaokula panya wa ghala lako. Malalamiko yetu yako hapo. Tunataka malalo yatafutwe mapema, yapigwe yale yanayotishia mashamba kweli, kwa kipimo sahihi, na mtu apite kesho yake kuhesabu nini kingine kimekufa.

Wewe, mkiona wameanza kujenga viota, msisubiri mpunga uweke maziwa. Mpelekeeni taarifa afisa ugani siku ileile. Na baada ya kunyunyizia, msile hata mmoja, wala mbwa asile. Kule Kondoa watu huwatega kwelea kwelea kwa wingi na kuwafanya kitoweo na biashara, na watafiti wamekuwa wakitazama kama utegaji wa namna hiyo unaweza kuchukua nafasi ya sumu mahali fulani. Hautamaliza tatizo la Mbarali, nakuambia ukweli. Ila ndege aliyetegwa ni protini, aliyepuliziwa ni sumu.

Kwa vijana wanaosoma hapa: kazi ya ndege iko huku pia, kwenye mpunga. Msifikiri ni msituni tu.

Nipe ukweli kuhusu mshahara. Mnaishije? (Msomaji, Dodoma)

Inategemea umesimama wapi. Ukiajiriwa na chuo, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori TAWIRI, au hifadhi, una mshahara wa serikali, pensheni, na magari yanayokosa mafuta. Ukiwa kwenye shirika lisilo la kiserikali, unaishi kwa mradi. Mradi ukiisha mwezi wa sita, mwezi wa saba huna kitu, na hakuna mtu wa kumlaumu. Nimekaa upande huo miaka ya kutosha kujua kwamba kila mwenye mradi anatakiwa awe na shamba, duka au mke mwenye ajira. Au mume, kwa upande wangu.

Jambo ambalo vijana hawalioni ni muda unaokwenda kwenye karatasi. Vibali vya utafiti, maombi ya fedha, ripoti ya kati, ripoti ya mwisho, risiti ya betri za tochi. Wapo wafadhili wanaotoa ruzuku ndogo kwa wanaoanza, Rufford ni mmojawapo, na maombi yao yanaandikika na mtu wa kawaida akisoma maelekezo kwa makini. Wengi hukataliwa kwa sababu wameandika wanapenda ndege. Mfadhili anataka kujua utahesabu nini, wapi, mara ngapi, na nani atafanya nini na jibu.

Kuna mlango mwingine umefunguka. Miradi mikubwa, hasa ya umeme, inalazimika kupima athari kwa mazingira, na waya za umeme na mapanga ya mitambo ya upepo huua ndege wakubwa. Kule Kajiado, Kenya, mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto una mitambo 60 na umejengwa jirani na jabali wanakozaliana tumbusi walio hatarini. Sasa wapo watu ambao ajira yao ni kukaa na darubini kutazama anga, na tumbusi akikaribia wanaagiza mtambo usimamishwe. Ni vijana wa palepale wengi wao. Ukiwa mtu wa kukesha ukiangalia mawingu, hiyo ni ajira halisi yenye mkataba.

Tajiri sijamwona. Mwenye nyumba ya tofali nimewaona kadhaa, nikiwemo.

Bundi analala darini kwetu na usiku anapiga kelele za kutisha. Majirani wanasema tumuue kabla hajaleta msiba. Wewe huogopi? (Mama wa nyumbani, Pangani)

Dada yangu, huyo wa darini mwenye uso mweupe anakula panya. Ukitaka ushahidi, panda uangalie chini ya anapokaa: utakuta madonge makavu ya manyoya na mifupa. Vunja moja kwa kijiti, utaona mafuvu ya panya yenye meno. Mpelekee jirani.

Kama kelele zinawakosesha usingizi, subirini makinda yaruke, kisha zibeni tundu. Msizibe yakiwa ndani, harufu yake itawatesa kuliko kelele.

Kuogopa siogopi, ila wasiwasi wa watu siudharau. Nikitafuta msaidizi wa kazi za usiku huwa nasema mapema kwamba tunafuata bundi, anayekataa simlazimishi. Kuna mmoja mdogo mno anayeishi msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, ambako aligunduliwa 1965, na baadaye akapatikana huku kwetu chini ya Usambara Mashariki. Urefu wake haufiki hata rula ya shule. Wageni wanapanda eropleni kutoka Ulaya kuja kumwona, na wanalipa wenyeji kuwaonyesha. Wa kwako anakuja bure.

Assalamu alaikum bibi. Sisi asili yetu Unguja, tunaishi Muscat. Binti yangu ana miaka 14, anashinda baharini na darubini. Anauliza kama ndege anaowaona hapa wanafika kwetu Afrika. (Baba, Muscat)

Waalaikumu salaam. Mwambie wanafika, na wengine wanapita juu ya vichwa vyetu. Kwenye visiwa vya karibu na hapo mlipo huzaliana kozi mmoja wa kijivu ambaye hulea makinda mwishoni mwa kiangazi, wakati ndege wadogo wanaohama kutoka kaskazini wanapita kwa wingi. Hao ndio chakula cha watoto wake. Baada ya hapo husafiri mpaka Madagascar. Wachache wamefungwa vifaa vya satelaiti na njia yao imepita Afrika Mashariki.

Kisha mpeleke Barr al Hikman, kwenye pwani ya hukohuko Oman, wakati wa baridi, ndege wa pwani waliokusanyika pale ni mamia ya maelfu. Mwambie ahesabu kundi dogo moja, aandike, arudi mwezi unaofuata. Takwimu zake anaweza kuzituma kwenye eBird, mfumo wa Chuo Kikuu cha Cornell ambao ni bure na hauulizi umri wa daftari lako. Akija Unguja likizo, asiache kuwahesabu hata wale kunguru wa India waliojaa mjini. Waliletwa kisiwani mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wanamaliza mayai na makinda ya ndege wengine. Naye atapata la kulinganisha.

Nimeolewa mwaka jana, nimepata nafasi ya msaidizi wa utafiti. Kazi inataka nilale kambini wiki mbili mbili, na timu yote ni wanaume. Mume wangu anasita. Wewe uliwezaje? (Arusha)

Mdogo wangu, kabla ya kumjibu mume, mhoji mwajiri. Hema lako liko wapi? Choo? Nani kiongozi wa kambi, na akiwa ndiye tatizo unampigia nani? Gari linakuja lini, na mtandao wa simu unashika wapi? Kuna mwanamke mwingine, hata mpishi? Mradi makini una majibu haya tayari, na wengine huyaweka kwenye mkataba. Ukijibiwa "usijali, sisi ni familia", jali.

Nilipoanza, bosi mmoja aliniambia mwanamke ataharibu ratiba ya kambi. Sikubishana naye. Nilihama mradi. Mwingine alitaka fadhila nisizoweza kuandika kwenye gazeti hili. Nilimwandikia barua mkuu wake, nikabaki na nakala. Fanya hivyo hivyo: tarehe, maneno, shahidi, nakala.

Mume mwalike kambini siku moja. Wangu alikuja na kanzu yake safi ya Ijumaa, akakuta tumelowa, tumejaa matope, tunakula ugali na dagaa huku tukibishana kuhusu urefu wa bawa. Aliondoka ameshaamini hakuna starehe yoyote inayofichwa kule. Mwanangu wa kwanza alilelewa na mama yangu Muheza kila msimu wa nyavu. Nilimkosa, na yeye alinikosa, sitakuambia vinginevyo.

Ninunue darubini gani? Zipo za 8x42, 10x50 na nyingine zimeandikwa 60x. (Morogoro)

Ya 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Msituni kuna giza na ndege yuko karibu, kwa hiyo unataka mwanga na uwanja mpana kuliko ukuzaji. Kwenye mabwawa na pwani 10x42 inafaa, mradi mkono wako hautetemeki. Hiyo ya 60x iliyo nyepesi na ya bei ya chini, muuzaji anakudanganya. Ya mtumba yenye vioo safi ni bora kuliko mpya ya mitaani. Ijaribu kwa kusoma bango la mbali: ukiona herufi mbilimbili, rudisha.

Je, lazima nigundue ndege mpya ndiyo niwe maarufu? (Kidato cha pili, Iringa)

Ninyi wa Iringa mna bahati ya milima. Mwaka 1991, huko huko Udzungwa, watafiti kutoka Denmark waliona kwenye sufuria ya kambi miguu ya ndege wasiyemfahamu. Baadaye wakamwona akiwa hai, na 1994 akatangazwa kuwa ni aina mpya, kwale wa Udzungwa, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Wawindaji wa kijijini walikuwa wakimla siku zote. Kwa hiyo ukianza, anza kwa kuuliza wanaopika.

Nimemkuta korongo amekufa shambani, mguuni ana pete yenye maandishi. Watu wanasema ni ya kijasusi. Nifanye nini? (Manyara)

Hakuna ujasusi. Ni pete kama ninazovisha mimi, ila yake huenda imevishwa Ulaya, maana korongo weupe wengi wa huko huja kwetu msimu wa baridi yao. Piga picha pete ikionekana pande zote, andika kila herufi na namba, tarehe, jina la kijiji, na kama unajua kilichomuua: waya wa umeme, sumu, mbwa. Anwani ya kituo kilichomvisha imeandikwa hapo hapo juu ya pete. Ukishindwa kuisoma, peleka picha TAWIRI Arusha. Watakujibu alivishwa wapi na mwaka gani, na unaruhusiwa kubaki na pete. Akiwa hai, soma namba bila kuivua, kisha mwachie aende.